Faraja Ana Kifua

Same,
30 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na goti lako limekubali kupanda mpaka shambani. Sisi huku hatujambo, ila vumbi. Mvua mwaka huu zilitupita kwa mbali, na upepo wa tambarare unaingia hadi ndani ya sufuria. Nafuta kaunta ya duka asubuhi, ikifika adhuhuri unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yako inashika mtandao uwanjani kwa jirani yako Ernesta tu, na ya Ernesta unayajua. Ukipiga chafya kwake, sokoni wanakuombea dua. Barua hii nimempa Anderson, kondakta wa basi la Myamba, na Jumamosi atamleta mwenyewe mwanangu Faraja.

Shangazi, Faraja amebadilika. Zamani alikuwa akicheka mpaka baba yake anamwambia apunguze. Sasa akitoka shule anajikunyata nyuma ya mlango. Ukimgusa kwa neno, ama analia ama anawaka. Mwalimu anasema ni kiburi. Iddi, baba yake, anasema anadeka. Nasha, yule mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa, ndiye aliyeniambia bila kuzunguka, "Mama Faraja, mtoto wako hacheki siku hizi." Nililia alipoondoka.

Nikwambie na jingine. Faraja ana kifua, kama nilivyokuwa mimi nikiwa mdogo. Sitaki kueleza zaidi kwenye karatasi. Wewe ulinilea, utanielewa. Vitu vyake vimo kwenye mfuko wa pembeni wa begi, mwenyewe anajua.

Nakumbuka Baba aliponileta kwako, nikiwa na umri kama wake. Nakumbuka ukungu ukiingia mlangoni bila hodi, harufu ya tangawizi mbichi mikononi mwako, kande ikitokota tangu asubuhi, na mashamba ya mpunga ya Ndungu yakionekana kule chini yanang'aa. Mimi nilipona huko, Shangazi. Hewa ya mlimani iliniponya, nami nataka imponye mwanangu. Naomba umlaze kwenye chumba changu, na kama ule mto wangu wa sufi bado upo, mpe aulalie. Nilikuwa naukumbatia mimi.

Akae likizo hii yote ya Juni. Tukiona amestawi, tutazungumza.

Mwanao,
Safia Jabiri

*

Myamba,
10 Juni 2024

Mwanangu Safia,

Marahaba. Goti halijambo, linalalamika tukishuka tu.

Mgeni wangu alifika, Anderson alimshusha na begi lake mpaka mlangoni. Barua yako nimeisoma mara ya pili peke yangu, baada ya Ernesta kuondoka, nikacheka. Nilidhani unaniletea msiba, kumbe unaniambia mtoto ana kifua. Hilo nalo ni la kuficha? Hiyo ni sifa, tena amekurithi wewe. Nyumba hii haijapata kuwa na mtu mwenye kifua kama chako. Wewe ndiye uliyekuwa unapeleka salamu zangu kwa Clemence, na marehemu mama yangu alipokubana akuulize, ulimtazama usoni ukasema "Sijui, Bibi", na mafuta ya andazi alilokupa Clemence bado yanameta mdomoni. Dini zetu hazikuturuhusu kuoana, lakini haikuwa kwa sababu ya mdomo wako.

Kwa hiyo usishangae mtoto akiwa mkimya. Mwenye kifua anakaa na mambo yake. Mimi nimeshaanza kumwambia yangu. Clemence alifiwa na mkewe mwaka juzi, anaendesha pikapu, na Alhamisi ya soko huwa anapita kunywa kahawa. Nikamwambia Faraja, hii ni ya mimi na wewe. Kesho yake Ernesta akamwita, akampa ndizi mbivu ili amchimbe. Alikula ndizi, akasema asante, akarudi. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, wewe una kifua." Safia, alitabasamu. Ni mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

Mto wako wa sufi nimeutoa sandukuni, nikaupunga hewa kidogo maana jua lenyewe la kuomba. Analala ameukumbatia, kama wewe. Paka naye amempenda, hawaachani. Mchana ananisaidia kukung'uta magunia ya tangawizi kavu. Anakula, hajambo kabisa, sijamsikia hata kulalamika. Basi na wewe ulale usingizi sasa.

Shangazi yako,
Tausi Salehe

*

Same,
19 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Barua yako nimemsomea Iddi, tukacheka mpaka mteja akaingia akatukuta. Ni wewe tu unayeweza kulichukua neno zito kama hilo ukaligeuza utani, ukamfanya na mtoto ajione wa maana. Mimi nilikuwa nalibeba peke yangu miaka yote.

Umeniandikia hujamsikia hata kulalamika. Hujui maneno hayo yamenifanya nini. Hapa nilikuwa silali, Shangazi. Nilikuwa nalala sikio moja liko kwake.

Basi nimeona ishara. Tumekubaliana na Iddi kwamba tutamhamishia shule ya huko Myamba moja kwa moja. Hewa imemkubali, na wewe amekuzoea. Nitakufa kwa upweke, lakini afadhali mimi. Usimwambie kwanza, nitapanda mwenyewe kumwambia.

Nafunga macho naona migomba yako, na ile sauti ya maji ya mfereji nyuma ya jiko. Sijui kwa nini nilishuka.

Safia

*

Myamba,
20 Juni 2024

Kwa Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, sijui wewe. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kuwa sijaumwa hata siku moja.

Siku ya Idi Bibi alichinja jogoo na mimi nilipewa firigisi. Bibi anasema nina kifua, na mtu mwenye kifua ni mtu mzuri, anaaminika. Kwa hiyo hapa nimekuwa mtu mzuri.

Mto wako una harufu ya zamani. Mama, sasa usiku siamshi mtu.

Utakuja lini kunichukua? Msalimie Baba.

Mimi mwanao,
Faraja Iddi

*

Myamba,
30 Juni 2024

Safia,

Juzi kwenye kituo cha afya hatukusema lolote la maana. Mtoto alikuwa macho, na Ernesta amekaa miguuni pa kitanda na chupa ya uji utafikiri kaitwa kutoa ushahidi. Sasa wewe umesharudi dukani kwako. Mtoto tumesharudi naye nyumbani, kalala mchana huu, anapumua vizuri. Nimemsikiliza kwanza, ndipo nikashika kalamu.

Nimeitoa barua yako ya kwanza nikaisoma upya. "Faraja ana kifua." Haya, mwanangu. Pumu ni neno fupi kuliko jina lako, kalamu ilikushindia wapi? Mimi nilisoma kifua nikajua ni kifua cha kutunza siri. Nikamsifia mtoto, nawe ukadhani nafanya mzaha. Tumerushiana neno moja kama mpira, na mpira wenyewe ulikuwa roho ya mtoto.

Nikueleze ilivyokuwa, maana ulifika jioni mambo yamepoa. Asubuhi ile sikumwona jikoni. Nikamkuta kizingitini, mikono magotini, mabega yanapanda yanashuka. Nikamuuliza una nini, akatikisa kichwa kwamba hakuna kitu. Mtoto hana pumzi, Safia, na bado ananitikisia kichwa. Nikaweka sikio kifuani kwake, kinapiga filimbi. Ndipo akasema, "Imeisha." Nikadhani anasema roho yake, nikapiga yowe kijiji kizima kikasikia. Kumbe ni ile dawa ya kuvuta. Alikuwa ameificha ndani ya soksi, ilimwishia zamani na hakusema.

Clemence alikuwa anateremsha mikungu ya ndizi njiani. Ile pikapu yake ambayo sikuwahi kukubali kuipanda watu wakiniona, niliipanda mbele ya soko zima na mtoto mapajani. Sikuona aibu, wala sijaiona hadi leo.

Daktari akaniuliza mtoto analala wapi na nini. Nikamtajia moshi wa kuni, paka, magunia ya tangawizi, na mto wa sufi uliokaa sandukuni tangu uolewe. Kila nikitaja, anafumba macho. Akasema ule mto peke yake una vumbi la kumtosha mtu mzima. Na Faraja mwenyewe akaniambia kwamba kikohozi kikimjia usiku, alikuwa anauzamisha uso wake ndani ya mto huo akohoe humo, ili nisiamke. Hapo nilitoka nje nikalia.

Nikamuuliza daktari na habari ya unyonge wake, zile hasira na kujifungia ulizoniandikia. Je, huzuni ndiyo inayoleta pumu, au pumu ndiyo inayoleta huzuni? Ni kijana mwungwana, hakunidanganya. Akasema hata wao bado wanachunguza ipi inatangulia, lakini mara nyingi huzikuta nyumba moja. Mtoto asiyelala usiku kwa kubanwa, mchana atakuwa na furaha ya wapi? Na hofu nayo ikimshika, kifua kinazidi kukaza. Akasema tutibu kifua, na tusiuache moyo.

Nimemkumbuka kaka yangu Jabiri, baba yako. Msimu wa ukungu alikuwa anakaa kitako kitandani mpaka kunakucha, na mchana hataki kuongea na mtu. Mama alimwita Kisirani, na sisi wadogo zake tukaliimba jina hilo njia nzima ya kuchota maji. Alikuwa anatazama pembeni tu. Hakuna hata mmoja aliyeweka sikio kifuani kwake. Nimemkumbuka sana wiki hii.

Na wewe unasema hewa yangu ilikuponya. Mwanangu, umesahau. Ulipoletwa hapa ulikuwa unakaa juu ya lile jiwe la njia panda kila basi likipanda, unamsubiri Jabiri ashuke. Ulikuwa unakohoa, unaniambia ni vumbi la basi, nami naamini. Ulifanya hivyo mpaka mahindi yakakomaa.

Neno la mwisho. Barua yako ya kumhamishia huku niliiacha mezani, na ameisoma. Mimi nampenda, ningemkalisha hapa mpaka nife. Lakini sitaki kumkalisha mtoto anayenijibu kwa kutikisa kichwa.

Shangazi yako,
Tausi

*

Same,
3 Julai 2024

Shikamoo Shangazi,

Umenisema, na nimesemeka.

Kwa nini sikuandika pumu? Nililiogopa neno. Wakati wetu mtoto akisemwa ana pumu, wenzake hawanywi naye kikombe kimoja. Akikua, wanawake wa upande wa pili wananong'ona kabla posa haijafika. Nikaona kifua ni neno la heshima, limevaa nguo. Nikajua Ernesta akilichungulia begani kwako hataliona.

Lile jiwe, Shangazi. Nilipolisoma kwenye barua yako nililiona hapa hapa dukani. Lina ufa katikati, nilikuwa natumbukiza humo vijiwe vidogo. Miaka yote hii nimekumbuka ukungu na tangawizi na kande, na jiwe nikalisahau. Nilidhani nampeleka mwanangu mahali nilipokuwa na furaha. Furaha ilikuwepo, siikatai, wewe ulinipa. Lakini ilikuja baada ya jiwe, na mimi nikakumbuka yaliyofuata tu.

Iddi ametoa zulia na mapazia yale mazito. Anafuta sakafu kwa kitambaa kibichi kila asubuhi kabla hajaenda kazini, yeye aliyesema mtoto anadeka. Dawa nimenunua mbili, moja itakaa shuleni. Kwa hiyo nyumbani na shuleni, kote kuwili kuko tayari.

Pale kituoni nilimuuliza, "Same au Myamba, mwanangu?" Akanijibu, "Popote." Akageukia ukutani. Sijapata kuumizwa na neno kama hilo, na nimebeba maneno mengi. Mtu mwenye umri wake hawezi kutaka popote.

Nakuomba, mpe kalamu na karatasi umwache peke yake. Mwambie mambo ya kuwa na kifua yamekwisha. Atakachoandika ndicho nitakachofanya, hata kikiniuma.

Safia

*

Myamba,
6 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bibi amekaa nje anachambua maharage, amesema hatasoma barua hii. Amesema leo niwe mtu asiye na kifua kabisa, nimpite hata Bibi Ernesta. Kwa hiyo nasema.

Kwanza, Mzee Clemence haji Alhamisi tu. Anakuja na Jumatatu, na Bibi anavaa kile kitenge kipya. Juzi alileta jiko la gesi ili moshi usiniumize. Bibi akamwambia hataki, alirudishe. Halafu akamwonyesha pa kuliweka.

Paka amehamia kwa Bibi Ernesta. Sufi yote tumeimwaga chini ya migomba, ikaruka kidogo mimi nikiwa mbali. Foronya Bibi ameifua, amesema ni yako.

Pili, nilikusikia usiku unamwambia Baba kwamba umechoka, hujalala vizuri tangu Ramadhani. Halafu ukanileta huku. Nikajua ni mimi ninayekuchosha. Nikasema nisipokohoa utakuja kunichukua. Ndiyo maana nilikuwa nakohoa ndani ya mto. Dawa ilipoisha nikaogopa kusema, kwa sababu Bibi alikuwa anasema ana raha mimi ni mzima. Halafu nikaona barua yako mezani kwamba kwa kuwa sikohoi, nitakaa huku moja kwa moja. Hapo sikujua tena nifanye nini, nikohoe au nisikohoe.

Tatu, siyo kiburi. Naomba umwambie mwalimu. Kifua kikianza kubana naogopa, nikiogopa kinabana zaidi, halafu mchana nakuwa na hasira na kila kitu, hata na kalamu. Na nikicheka sana nakohoa, kwa hiyo niliacha kucheka.

Nampenda Bibi. Ukungu naupenda, na ndizi. Nataka kuja kila likizo, na Bibi amesema atalala na mimi chumba kimoja ili anisikie. Lakini basi la Anderson likipanda mimi huenda njia panda kuangalia kama umo. Kuna jiwe pale la kukalia. Bibi aliniambia zamani lilikuwa lako. Ndani ya ufa kuna vijiwe, sikuvitoa, niliongeza changu.

Nataka kurudi nyumbani, Mama. Usiku nikibanwa nitakuamsha, na wewe uamke. Ukichoka utaniambia mimi mwenyewe, usimwambie Baba peke yake.

Mwanao asiye na kifua,
Faraja